Siku ya Mwisho Njiani

Kila aliyewahi kusafiri mbali ajua neno hili: siku ya mwisho ya safari hailingani na siku nyingine. Kilometa zake ni zile zile, na vumbi lake ni lile lile, lakini moyo umekwisha badilika. Mwili ungali njiani. Moyo umekwisha kufika, umevua viatu, umeketi mezani. Basi leo twataka kuuliza pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, swali moja linalotusumbua tangu safari yetu ya mwisho: Je, mtu aliye karibu na nyumbani kwake amefunguliwa deni lake kwa watu wa njiani? Au deni hilo humfuata mpaka mlangoni?

Hatuulizi swali hili kwa kupenda maneno. Twaliuliza kwa sababu tulikosa.

Sisi twakaa Kamina, mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Mji wetu ni mtoto wa reli. Reli iliyotoka Lubumbashi ilifika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Mwaka 1928 ikafika Ilebo, na Kamina ikawa kituo katikati ya njia hiyo ndefu. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likakamilika, na tangu hapo Kamina ni njia panda ya reli. Lakini siku hizi gari la moshi halipatikani kila mtu alitakapo. Mwenye haraka hupanda lori. Asiye na fedha ya lori husukuma baisikeli, au kinga kama tuitavyo huku kwetu. Wala msidhani huipanda. Huipakia magunia ya mahindi au ya makaa, naye mwenyewe huisukuma kwa miguu, siku mbili, siku tatu, akilala popote usiku unapomkuta.

Safari yetu ilikuwa mwanzo wa Oktoba. Watu wa Ulaya huwa na majira yao miezi hiyo, wakati majani ya miti yanapokuwa mekundu, kisha yakaanguka na kufa. Huku Katanga mambo ni kinyume. Miti ya miombo nayo huwa myekundu mwisho wa kiangazi, kabla hata ya tone la kwanza la mvua; lakini wekundu wake ni wa majani machanga yanayozaliwa. Mgeni akiuona msitu hudhani unakufa, kumbe ndiyo kwanza waanza. Neno hili tulishike, tutalirudia.

Tulikuwa tumekwenda Lubumbashi kwa shughuli za jamaa, na sasa twarudi. Ni njia ya zaidi ya kilometa 500, na lori lililojaa halifiki kwa siku moja. Tulikuwa watu 9 juu ya mizigo: wachuuzi, wanafunzi wawili, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameuza samaki wake wakavu mjini, akarudi na sabuni na chumvi. Mnajua desturi ya lori: yule aketiye nyuma ya kabini ndiye mwenye kugonga paa lake ili dereva asimame. Mahali pale palikuwa petu.

Siku ya kwanza, tulipokwisha kuipita Likasi, tulimkuta kijana aliyekatikiwa na mnyororo wa baisikeli. Tukagonga. Dereva akasimama, akatoa koleo na kipande cha waya, akashuka mwenyewe kumsaidia. Nusu saa nzima ilipotea, wala hapana aliyenung'unika. Mama yule alimpa kijana muhogo wa kuchoma, na wanafunzi wakamtania mpaka akacheka. Tulipoondoka, kila mmoja alijisikia kuwa mtu mwema, na kweli jambo jema lilikuwa limetendeka.

Siku ya pili lori lenyewe likaharibika. Tulikaa juani saa nyingi, tukagawana mkate na maji, tukafika Luena usiku, tukalala palipopatikana.

Siku ya tatu ndiyo ya mwisho. Tulipokwisha kuipita Kabondo Dianda, mawingu yalianza kukusanyika upande wa magharibi. Dereva akatoa kichwa dirishani akasema, "Tukikawia, mvua itatukuta." Kila mmoja juu ya mizigo alikuwa akisimulia habari za kwake: huyu bukari na sombe zinazomngoja, yule mtoto aliyezaliwa yeye hayupo. Ndipo tukawaona. Mtu mmoja alikuwa ameilaza baisikeli yake kando ya njia, ina magunia mawili ya makaa. Karibu naye ameketi mtoto mwanamume wa miaka kama minane, kichwa juu ya magoti. Mtu yule hakuinua mkono kama aombaye kupakiwa. Aliinua dumu la manjano, akaligeuza mdomo chini, ili tuone kwamba ni tupu.

Sisi tulikuwa na dumu la lita 20, maji yamefika nusu, limesimama katikati ya miguu yetu. Mkono wetu ulikuwa juu ya paa la kabini. Haukugonga. Lori likapita, na vumbi letu likawafunika wote wawili.

Baada ya kitambo yule mama akasema polepole, "Mwalimu, yule mtoto alikuwa na kiu."

Tukamjibu, "Mama, mbele kuna kijiji. Watapata maji."

Kijiji kilikuwapo kweli. Lakini kilikuwa karibu kwa watu wa lori. Kwa mtu wa miguu, mwenye magunia mawili na mtoto, kilikuwa mbali sana. Mama hakusema neno tena, nasi hatukumtazama.

Tukafika Kamina jua likizama. Mvua haikunyesha. Tulipokuwa tukishusha mizigo, tuliyamwaga chini maji yaliyobaki, kwa kuwa dumu zito linasumbua kubeba. Mlangoni petu mtoto wa nyumbani alitukimbilia na kikombe cha maji, kwani ndivyo tulivyomfundisha: msafiri apewe maji kwanza, ndipo aulizwe habari. Tukakipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo tulipofahamu tulilolifanya.

Sasa tulichunguze jambo hili kwa utulivu, maana kujilaumu peke yake hakumfundishi mtu.

Tazameni kwanza: watu wa siku ya tatu ndio wale wale wa siku ya kwanza. Dereva ni yule yule, lori ni lile lile, sheria ya wema haikubadilika pale Luena tulipolala. Na shida ya mtu wa tatu ilikuwa kubwa kuliko ya yule wa kwanza: mnyororo unaweza kungoja, kiu ya mtoto haingoji. Na tulichoombwa kilikuwa kidogo zaidi: si nusu saa, bali dakika tano, si kazi ya koleo, bali maji tuliyoyamwaga baadaye. Ni nini basi kilichobadilika? Kimoja tu: nyumbani palikuwa karibu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba mwisho wa jambo hutangulia katika nia, ingawa katika kutenda huja nyuma ya yote. Maana yake ni rahisi. Mtu ajengaye huanza na nyumba iliyo moyoni mwake, na kwa ajili yake hubeba kila tofali. Vivyo hivyo msafiri: nyumbani ndiko kunakomtoa kitandani alfajiri, ndiko kunakomvumilisha jua. Neno hili ni jema, na bila hilo hapana mtu angefika popote. Lakini lina hatari yake. Mwisho ukikua sana ndani ya nia, huimeza njia. Mtu huacha kuiona njia kuwa mahali; huiona kuwa kizuizi tu. Na mahali pakiwa kizuizi, watu wa pale nao huwa vizuizi. Sisi hatukumchukia mtu wa makaa. Tulimwona kama mtu aonavyo shimo barabarani: kitu cha kupita kando yake.

Wengine watatujibu: "Mwachoka, ndugu. Mtu aliyechoka husamehewa." Twakubali kwamba uchovu hupunguza hatia. Lakini siku ya pili tulikuwa tumechoka zaidi, lori limekufa juani, na hata hivyo tulimegeana mkate. Basi si uchovu uliotufunga mkono. Uchovu ulikuwapo siku zote. Siku ya mwisho tuliupata kuwa udhuru.

Wengine watasema: "Walio nyumbani nao wana haki." Jibu hili ni zito kuliko la kwanza. Mtu mwenye watoto hana ruhusa ya kuwasahau ili asifiwe njiani. Thomas huyo huyo asema kwamba upendo una utaratibu wake, na kwamba walio karibu nasi hutangulia. Lakini asema pia kwamba mgeni aliye katika shida kubwa kabisa aweza kutangulia hata mbele ya baba mzazi, ikiwa baba hana shida kama hiyo. Je, nyumbani kwetu kulikuwa na shida gani jioni ile? Hapakuwa na mgonjwa. Hapakuwa na mtu aliyekosa kitu kwa sababu ya dakika tano. Jamaa zetu walikuwa na hamu ya kutuona, nasi tulikuwa na hamu ya kuwaona. Mtoto yule alikuwa na haja. Hamu si haja. Tuliivika hamu yetu nguo za haja, tukaipa jina la wajibu wa jamaa.

Tena wako wenye kutaja ile methali ya zamani, "Msafiri kafiri," wakidhani yampa msafiri ruhusa ya kuwa mgumu. Sisi twaona methali hiyo yatuonya tu: njia ina nguvu ya kuugeuza moyo wa mtu, basi msafiri ajiangalie. Anayekuonya kwamba mto una mamba hakuamuru uliwe.

Hapa tukaukumbuka ule mfano ulio katika Injili ya Luka, wa mtu aliyeangukiwa na wanyang'anyi. Tumewasimulia watu mfano huo mara nyingi, na kila mara tulisema kwamba kuhani aliyempita alikuwa akikimbilia ibada Hekaluni. Safari hii tukausoma tena, tukaona tulikosea. Luka asema kwamba kuhani alikuwa akishuka. Na Yerusalemu ni mji wa mlimani, Yeriko uko bondeni, zaidi ya meta 200 chini ya usawa wa bahari. Basi ashukaye ameipa Yerusalemu mgongo. Makuhani walihudumu Hekaluni kwa zamu, na zamu ikiisha walirudi kwao. Injili haisemi waziwazi kuhani huyu alikuwa akienda wapi. Lakini huenda kazi yake takatifu ilikuwa imekwisha, amechoka kwa haki, na anaenda nyumbani. Na Msamaria je? Juu yake Luka asema tu kwamba alikuwa safarini. Moyo wake haukuwa umetangulia kufika mahali pengine. Ulikuwa pamoja na miguu yake, na kwa hiyo macho yake yaliona.

Wala Msamaria hakuiacha safari yake. Alimfikisha mgonjwa nyumba ya wageni, akalala, kesho yake akamwachia mwenye nyumba fedha, akaendelea na njia yake akiahidi kupita tena. Deni la njiani lina mpaka. Hatuambiwi tuache kufika. Twaambiwa tusifike kabla ya wakati.

Katika historia ya nchi zetu kuna watu waliolijua jambo hili. Mwaka 1873 David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakauchukua mabegani kwenda pwani, njia ya zaidi ya kilometa 1,500. Mwezi wa Oktoba wakafika Tabora, wakamkuta huko Mwingereza mwingine, Cameron. Ndiye huyo aliyepita baadaye katika nchi ya Waluba, akakaa katika mji wa mfalme wao Kasongo Kalombo. Cameron akawashauri wauzike mwili pale pale. Ushauri ule haukuwa mbaya: walikuwa wamekwisha kufanya mengi, njia ilikuwa na hatari, na mkubwa mwenyewe alikuwa akiwafungulia mlango wa kupumzika. Wakakataa. Wakauchukua tena mzigo wao, na mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Twawasifu wengi kwa kuanza vema. Hawa twawasifu kwa sababu hatua ya mwisho waliihesabu sawa na ya kwanza.

Basi twaweza kulijibu swali letu. Ukaribu wa nyumbani haumfungui mtu deni lake. Wamwonyesha tu kama wema wake ni wake kweli. Asubuhi ya safari ni rahisi kuwa mwema: tumbo limeshiba, masikio yanapenda habari mpya, na kila mgeni ni kama sikukuu. Wema wa namna hiyo ni zawadi ya asubuhi. Wema ulio fadhila, yaani uliokwisha kuwa tabia, hujulikana jioni, wakati hakuna tena furaha ya kuutenda, na taa za kwetu zaonekana mbele.

Na mambo haya si ya malori tu. Mwalimu aliyebakiza juma moja kabla ya likizo, mwanafunzi wa mwisho katika mstari mrefu yuko mbele yake. Muuguzi aliyebakiza dakika kumi za zamu, na mgonjwa sasa hivi anaita. Mzee aliyebakiza mwaka mmoja wa kazi ya ofisi. Mtoto amwuguzaye mama yake, ambaye kila mtu ajua haponi tena. Wote hao wamo katika siku ya mwisho ya safari, na wote hujaribiwa kufika kwa moyo kabla ya kufika kwa mwili.

Twafanyaje basi? Tutoe mashauri matatu, madogo kama maji ya kikombe.

Kwanza, mtu akikaribia mwisho ajiulize: hili linalonisukuma ni haja au ni hamu? Kama kuna mgonjwa ndani ya lori, kama kweli daraja litachukuliwa na mvua, yawezekana kupita ni haki. Lakini aliulize swali hilo kabla ya kupita, asingoje kulijibu baadaye mlangoni.

Pili, asiyeweza kusimama aweza kupunguza mwendo. Hata kama tungekuwa na udhuru wa kweli, ni sheria gani iliyotulazimisha kuwafunika vumbi? Kupunguza mwendo, kupunga mkono, kusema neno, kuteremsha chupa moja ya maji bila kuzima injini: mambo haya hayagharimu kitu. Mara nyingi twadhani kuna njia mbili tu, kutenda wema wote au kupita. Katikati yake kuna mambo mengi madogo, na mengi ya hayo yamo katika uwezo wetu.

Tatu, tusingoje mwenzetu aanze. Juu ya lori lile tulikuwa watu 9, na mmoja tu alisema neno, naye alisema tulipokwisha pita. Kama angesema mapema kidogo, tungegonga. Kama sisi tungegonga, yeye angefurahi. Kila mmoja aliuweka wema wake mfukoni mwa mwenzake, na mwisho haukupatikana mfukoni mwa mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi tuliamka mapema, tukachukua chupa ya maji na mkate, tukaenda mwisho wa mji, mahali waingiapo watu wa makaa. Tulikusudia kumwomba mtu yule msamaha. Wakaja wengi, mmoja mmoja, wawili wawili, wamejaa vumbi, wakisukuma baisikeli zao, wengine pamoja na watoto. Tulisimama pale mpaka jua likapanda. Hatukumtambua. Tulilikumbuka dumu lake la manjano. Tuliyakumbuka magunia yake mawili. Lakini uso wake hatukuwa nao, kwa kuwa siku ile hatukumtazama usoni. Huenda alipita mbele yetu tukamsalimu tu kama wengine. Mwishowe tukampa maji na mkate mzee mmoja aliyekuwa amepumzika juu ya gunia lake. Akasema, "Wafwako," yaani ahsante kwa Kiluba, akanywa, akaendelea na safari yake. Lakini deni letu halikuwa kwa mzee huyo, nasi twajua.

Tuliporudi nyumbani tulipita chini ya miti ile myekundu. Mgeni angesema kiangazi kimeiua, kumbe mwaka wake ulikuwa waanza. Ndivyo ilivyo siku ya mwisho ya safari. Tuliihesabu kuwa mkia, kitu cha kumaliza upesi na kusahau; kumbe ilikuwa na mtu wake, saa yake na wajibu wake, kamili kama siku ya kwanza. Wewe msomaji, ukiwa leo karibu na mwisho wa jambo lolote, na mkono wako uko juu ya paa la kabini, gonga.